Kama yeye aliokolewa bure, mimi nilikuwa nalipia nini?

Shikamoo Baba Mchungaji,

Nina miaka 43. Niliokoka nikiwa na miaka 17, kwa hiyo nina miaka 26 katika safari hii. Nimeanza na nambari kwa sababu tatizo langu lenyewe ni la hesabu.

Mara tu baada ya kuokoka, kiongozi wetu wa vijana alitufundisha kutunza daftari. Ukurasa mmoja ni juma moja. Unapiga mistari: maombi ya alfajiri, sura za Biblia, kufunga, zaka, kushuhudia, ulimi, mawazo. Kila usiku kabla ya kulala unajiwekea alama ya vema au ya kosa, na Jumamosi unajumlisha. Alikuwa akisema, "Asiyejua deni lake atalilipaje?" Wenzangu wote waliacha kabla mwaka haujaisha. Mimi sikuacha. Nina madaftari 19 yaliyojaa ndani ya sanduku, na la 20 liko mbele yangu ninapokuandikia.

Sisemi kwa kujisifu, Baba. Nafunga Jumatano na Ijumaa. Natoa zaka katika kila kinachoingia mkononi, hata nikipewa zawadi. Pombe sijui ladha yake. Mama yetu alipougua, nilimuuguza miaka sita peke yangu, na hata miaka ile daftari halikulala.

Kwetu tulizaliwa wawili. Yule aliyenitangulia alichagua njia yake. Alikunywa zaidi ya miaka 20. Alimwacha mke na watoto wawili, akauza vitu vya mama wakati mama hajiwezi kitandani, na siku ya kumzika alikuja akiyumba. Mwaka jana ini lake likaharibika. Siku tisa kabla ya kufa, huyo mtoto wa mama akamwomba mchungaji aliyekuwa akipita wodini akae naye kidogo. Akalia, akatubu, akabatizwa palepale kitandani. Siku tisa! Hakufunga hata moja, asingeweza. Kwenye mazishi mchungaji akasimama akasema, "Ndugu yetu yuko kwa Bwana," watu wakaitikia amina. Yangu ilinikwama kooni, na mpaka leo haijatoka.

Tangu hapo Biblia naifungua ili nipate kuweka alama tu. Nina maswali mawili. La kwanza: kama marehemu alipata kwa siku tisa kile ninachokitafuta kwa miaka 26, mimi nilikuwa nalipia nini? La pili linanitisha zaidi. Mtu akiniuliza nikifa usiku huu naenda wapi, sina jibu. Naangalia ukurasa wa juma hili, naona makosa manne, naogopa kuzima taa.

Nimeuliza watu. Mzee wetu wa kanisa amesema neema ipo, lakini kazi yake ni kukuingiza mlangoni. Kubaki ndani ni juhudi yako mwenyewe. Rafiki yangu amesema nichome yale madaftari niishi nitakavyo, kwani aliyeokoka ameokoka. Mwenzangu kazini, yeye ni Mkatoliki, amesema habari ya imani peke yake ni ya Waprotestanti, nisome Waraka wa Yakobo. Nimeusoma. Nimezidi kuchanganyikiwa.

Nisaidie, na jina langu usilitaje.

Mwenye Daftari

* * *

Marahaba, binti yangu.

Nianze na hiyo amina. Usiilazimishe itoke. Katika Zaburi ya 73 Asafu anamwambia Mungu maneno yanayokaribia sana yako: waovu wamenenepa, wana raha, na mimi nimejisafisha moyo bure, nimenawa mikono bure. Wala hakuna aliyeona aibu kuiweka zaburi hiyo katika kitabu cha sifa. Kwa hiyo swali lako nalipokea jinsi lilivyo, pamoja na uchungu wake.

Kiongozi wako wa vijana alishika nusu ya ukweli. Sheria humwonyesha mtu deni lake. Paulo anawaandikia Warumi hivyohivyo, kwamba kwa njia ya sheria mtu huitambua dhambi. Kosa limekaa katika neno "atalilipaje". Aliwapa kioo, akawaambia ni sabuni. Wenzako walipoona uso hautakati wakaacha. Wewe ukaendelea kujisugua na kioo miaka 26, na ajabu ni kwamba umeumia kiasi hiki tu.

Tena ukitaka twende kwa hesabu, twende nayo mpaka mwisho. Huyo Yakobo uliyeelekezwa kwake anasema kwamba mtu akiishika sheria yote, ila akajikwaa katika neno moja, amekosa juu ya yote. Basi makosa yako manne ya juma hili hayana uzito kuliko kosa moja, na hilo moja lilishaingia, nakisia, katika ukurasa wa kwanza wa daftari la kwanza. Kwa njia ya hesabu ulishindwa ukiwa na miaka 17. Tangu hapo umekuwa ukirudia mtihani ambao matokeo yake yalikwisha kutoka. Nasema kwa ukali kidogo ili uone jambo moja: hofu ya kuzima taa haitokani na makosa manne. Hata ukurasa ungekuwa na vema tupu, ungeogopa juma lijalo.

Sasa mzee wenu wa kanisa. Kati ya washauri wako watatu, ni huyu ninayemhofia, kwa kuwa anasikika kama mtu wa kiasi. Neema mlangoni, juhudi ndani. Nani atabisha? Ila hilo ndilo fundisho lililomfanya Paulo awaandikie Wagalatia barua yake kali kuliko zote. Wagalatia hawakuwa watu waliosimama nje wakitafuta pa kuingilia. Walishaamini, walishabatizwa, Roho walishampokea. Ndipo wakaja walimu wakawaambia: Kristo ni mzuri, hatumkatai, lakini sasa ongezeni kutahiriwa, ongezeni kushika siku na miezi na nyakati. Paulo akawauliza: "Baada ya kuanza katika Roho, mnataka sasa kukamilishwa katika mwili?" Swali hilo ni la watu waliomo ndani ya nyumba. Ni lako.

Katika barua hiyohiyo yamo maneno ambayo sisi watu wa kanisa tumeyageuza juu chini. Mara ngapi umesikia fulani "ameanguka", na ukajua mara moja kwamba ni ulevi au uzinzi? Paulo anaposema watu wameanguka na kutoka katika hali ya neema, sura ya tano, mstari wa nne, anawaambia wale wanaotaka kuhesabiwa haki kwa sheria. Anawaambia wenye bidii. Walevi hakuwataja hapo.

Anasimulia pia kisa cha Antiokia, ambacho ningependa usikisome haraka. Petro alikuwa akila meza moja na watu wa mataifa, wasiotahiriwa. Wakafika wageni kutoka kwa Yakobo, Petro akaanza kujitenga, akaacha kuketi nao. Paulo akamkabili uso kwa uso mbele ya wote. Mtume kwa mtume! Palikuwa na chakula tu mezani, lakini Paulo aliona kinachosemwa na kiti kilichoachwa wazi: kwamba kuna waliofika mezani kwa stahili yao na kuna walioingizwa kwa huruma. Siku ya mazishi yale, mchungaji alipoitaja meza hiyo, wewe ulikisogeza kiti chako kando.

Sikulaumu kama mgeni wa jambo hili. Nilipokuwa kijana kazini niliongoza mazishi ya mtu aliyeishi vibaya na kutubu mwishoni. Sikutaka kusema yuko wapi. Nikasema, "Huyu tumwachie Mungu," kwa sauti ambayo kila mtu aliielewa. Baadaye mjane wake akaniuliza kwa upole kabisa, "Na wewe, Mchungaji, tutakuachia nani?" Bado namsikia.

Nadhani hata lugha yetu inatupotosha kidogo hapa. Tunasema "nimeokoka", kama mtu anayesema ameamka au ameelimika. Neno halina kosa, lakini linamficha mtendaji. Unaweza kulitamka miaka 26 bila kumtaja aliyekuokoa. Paulo kwa Waefeso amewekewa neno lingine na watafsiri wetu: "mmeokolewa kwa neema". Kuokolewa kuna mwokoaji. Aliyetolewa majini hawezi kuuliza aliyetolewa baada yake alijua kupiga mbizi kiasi gani. Hata "neema" yenyewe, nje ya kanisa, ni neno la mvua na mavuno. Mwaka wa neema ni ule ambao mbingu zimefunguka. Mkulima hulima, lakini sijapata kumsikia akisema ameilima mvua.

Umeuliza ulikuwa unalipia nini. Paulo anawaambia Warumi kwamba mtu afanyaye kazi, ujira wake hauhesabiwi kuwa ni neema, bali kuwa ni deni. Nasikitika kukuambia kwamba ulikuwa unajaribu kumfanya Mungu awe mdeni wako. Hukukusudia. Lakini ukitaka kujua kama mtu anatumika kwa upendo au kwa mshahara, tazama sura yake siku mwenzake anapolipwa. Bwana mwenyewe aliliweka wazi katika mfano wa shamba la mizabibu. Walioajiriwa alfajiri walipatana dinari moja, na dinari moja walipewa. Walioajiriwa saa kumi na moja wakapewa dinari moja pia. (Sisi wa Kiswahili tuna bahati hapa: saa kumi na moja ya Injili ni saa kumi na moja yetu ya jioni, jua linaelekea kutua, wala hatuna haja ya kugeuza saa.) Mwenye shamba hakumdhulumu mtu. Aliuliza tu, "Au jicho lako limekuwa ovu kwa sababu ya mimi kuwa mwema?" Na tazama, wale wa alfajiri hawakukasirika walipokuwa wakifanya kazi. Walikasirika dirishani pa malipo. Wewe nawe siku tisa hizo zisingetokea, ungeendelea kujiona unamtumikia Mungu kwa furaha.

Lakini ngoja. Kuna hasira mbili katika barua yako, na nisingependa uzitupe zote kapu moja. Ipo hasira ya yale aliyotenda: mama aliyeibiwa kitandani, mke aliyeachwa, watoto wawili, miaka sita uliyobeba mzigo wa watu wawili. Hiyo ina haki yake. Toba yake haikugeuza uovu kuwa wema, na asikwambie mtu kwamba kwa kuwa Mungu amemsamehe wewe hukuumizwa. Zakayo, baada ya Yesu kuingia nyumbani mwake, alisema atawarudishia mara nne aliowanyang'anya. Aliyekufa siku ya tisa hakupata nafasi ya kurudisha hata mara moja, na pengine kile kilio chake kilikuwa na hilo ndani yake. Hasira ya pili ni ya kile alichopewa. Hii ya pili ndiyo ninayoshindana nayo hapa.

Nawe angalia mpangilio wa kisa cha Zakayo. Yesu kwanza anaita, anaingia, anakaa. Kulipa kunafuata. Mpangilio huo haukuanzia Agano Jipya, na hapa niwatetee Wayahudi, maana mahubiri yetu mengi huwasingizia. Fungua Kutoka 20. Kabla ya amri ya kwanza, Mungu anajitaja: mimi ni BWANA, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa. Bahari walikwisha kuivuka. Hakuwapelekea amri kule kwenye matofali awaambie wakizishika zote atawatoa. Aliwatoa, kisha akawafundisha jinsi watu walio huru wanavyoishi. Naye Ibrahimu alihesabiwa haki katika Mwanzo 15, ilhali alitahiriwa katika Mwanzo 17 akiwa na miaka 99, siku moja na Ishmaeli wa miaka 13, ambaye katika sura ya 15 hata mimba yake haijatungwa. Ni zaidi ya miaka 13 Ibrahimu alitembea na Mungu akiwa mwenye haki, bila alama yoyote mwilini. Paulo aliishikilia hoja hiyo katika Warumi 4, na mimi sijaona wa kuitegua.

Rafiki yako wa "ishi utakavyo" sitakaa naye muda mrefu. Warumi 6 inamjibu kwa neno moja: "Hasha!" Wala sidhani anaamini anachosema. Mwambie akusomee mara moja kwa siku kile alichokushauri, uone kama atafika Ijumaa.

Mwenzako wa kazini anastahili jibu zaidi, kwa sababu ametaja andiko. Ni kweli, na Waprotestanti wengi hawalijui hili, kwamba mahali pekee katika Agano Jipya palipoandikwa maneno "imani peke yake" ni Yakobo 2:24, na pale yameandikwa ili yakataliwe. Martin Luther alipotafsiri Warumi 3:28 kwa Kijerumani, katika Agano Jipya lake la 1522, aliliongeza neno "peke yake" mwenyewe, na alisutwa sana kwa hilo. Lakini soma Yakobo analenga nini. Anamlenga mtu anayesema ana imani na huku anamwona ndugu yake uchi na njaa, anamwambia nenda kwa amani ukaote moto. Mfano wake ni Ibrahimu akimtoa Isaka, Mwanzo 22, miaka mingi baada ya ile ya kuhesabiwa haki. Paulo anauliza mti unapandwaje. Yakobo anauliza mbona huu hauna matunda. Na umwambie mwenzako kwamba tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani walitia sahihi tamko la pamoja wakikiri kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, katika kuiamini kazi ya Kristo, pasipo stahili yoyote kwa upande wetu. Wamethodisti wakaliunga mkono 2006. Tofauti zimebaki, sikatai, lakini ugomvi wenu pale kazini umechelewa.

Wamethodisti wamenikumbusha mtu ambaye nilikuwa nikimfikiria tangu nilipofika kwenye habari ya madaftari yako. John Wesley, mwanzilishi wao, akiwa chuoni Oxford, yeye na kundi lake dogo walifunga Jumatano na Ijumaa. Ndiyo, siku zako hasa. Walitembelea wafungwa, waligawa walichokuwa nacho, na Wesley aliandika katika kitabu chake jinsi alivyoitumia siku, saa kwa saa. Alikuwa kasisi tangu 1728. Kisha akaenda Georgia, Amerika, ng'ambo ya bahari, kuwahubiria wengine. Njiani, Januari 1736, dhoruba ikaipiga meli, na Wesley akagundua kwamba anaogopa kufa. Mbele yake Wamoravia, wanaume kwa wanawake na watoto, walikuwa wakiimba zaburi bila kutetemeka. Unaona kwa nini nimekukumbuka. Ilipita miaka miwili na zaidi. Jioni ya tarehe 24 Mei 1738, katika mkutano mdogo mtaa wa Aldersgate, London, mtu akisoma dibaji ya Luther ya Waraka kwa Warumi, Wesley alisikia moyo wake ukipata joto la ajabu, akaona kwamba anamtumaini Kristo, Kristo peke yake, kwa wokovu wake. Alikuwa na miaka 34.

Uzeeni aliyarudia yale aliyoandika juu ya miaka yake ya kwanza, akajirekebisha. Zamani aliandika kwamba wakati ule hakuwa mwongofu. Sasa akaongeza kwamba hata wakati ule alikuwa na imani, ila ilikuwa imani ya mtumishi, si ya mwana. Sentensi hiyo nakupa wewe. Sikwambii miaka 26 ilikuwa uongo. Mama uliyemuuguza aliuguzwa kweli. Aliyefanya hayo alikuwa binti wa nyumba, ila alilala kwenye vyumba vya watumishi, akingoja Jumamosi ajue kama bado ana kazi.

Baada ya jioni ile Wesley hakuacha kufunga wala kwenda magerezani, na kitabu chake aliendelea kuandika. Kwa hiyo kuhusu daftari, usilichome. Moto huo nao utauhesabu. Lifunge kwa siku 40, uliweke sandukuni pamoja na ndugu zake 19. Siku hizo omba unapotaka kuomba. Ukilala bila kuomba, lala. Ijumaa moja ya katikati kula chakula cha mchana, kwa shukrani, na uone kama mbingu itaanguka. Kuhusu hizo Jumatano na Ijumaa, ipo habari inayonichekesha kila mara: Didake, andiko la kale sana la Wakristo, linawaambia waamini wasifunge siku moja na wanafiki, ambao hufunga siku ya pili na ya tano ya juma, yaani Jumatatu na Alhamisi, wao wafunge ya nne, yaani Jumatano, na Ijumaa. Tulihamisha siku. Yule Farisayo wa Luka 18 alifunga mara mbili kwa juma, akatoa zaka katika mapato yake yote, na sala yake ilianza kwa kumshukuru Mungu kwamba hayuko kama watu wengine. Rudi kwenye barua yako, aya ile inayoanza "Sisemi kwa kujisifu". Isome polepole. Kisha usijipige, cheka kidogo, kama unaweza.

Yule mwingine hekaluni aliomba maneno machache tu, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi." Usiku ukiogopa kuzima taa, sema hayo, halafu zima. Ukiulizwa unakwenda wapi ukifa, usijibu kwa ukurasa wa juma. Mwizi msalabani alijibiwa "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi", na hakuwa na ukurasa. Alikuwa na mtu pembeni yake.

Lipo lingine, ambalo sikuliona mpaka niliposoma barua yako mara ya tatu. Umemtaja aliyekufa kwa majina mengi. "Yule aliyenitangulia." "Huyo mtoto wa mama." "Marehemu." Kaka hukumwita hata mara moja. Katika Luka 15, mfano wa mwana mpotevu, yule ndugu mkubwa anasimama nje ya karamu, akamwambia baba yake, "alipokuja huyu mwana wako". Hasemi ndugu yangu. Kabla ya hapo amesema, "nimekutumikia miaka mingapi hii", na neno la Kiyunani pale ni la utumwa. Baba hamgombezi. Ametoka nje kumsihi, kama alivyomkimbilia yule mdogo. Anamwita "mwanangu". Anamwambia, "vyote nilivyo navyo ni vyako", na hapo ndipo swali lako la pili linapojibiwa: hukuwa unatafuta kitu kilichofichwa, ulikuwa unakaa juu yake. Kisha, taratibu, anamrudishia neno alilolikwepa: "huyu ndugu yako". Luka hatuambii kama yule mkubwa aliingia.

Nadhani una msiba ambao haukupata nafasi ya kuliliwa, kwa sababu hesabu ilikuwa haijafungwa. Kuna watoto wawili mahali fulani ambao wewe ni shangazi yao, na hukuniandikia wako wapi. Ukiniandikia tena, nipe habari zao. Na uniambie kaka yako alikuwa akikuita nani mlipokuwa wadogo.